Nanga

Nilikuwa dalali wa maduka Toledo, Ohio,
miaka kumi na minane, tai shingoni, funguo kiunoni,
wala sikuwahi kusoma mkataba kwa sauti
mpaka Ilona Takács alipopindua ndoo ya rangi
ndani ya duka tupu, akanikalisha, akasema:
Kurasa arobaini na moja. Anza.

Nikaanza na eneo.
Futi elfu moja mia mbili za kukanyaga,
elfu moja mia nne za kulipia.
Akaondoka ukutani, kisigino kwenye kidole,
kisigino kwenye kidole, akihesabu kwa Kihungari,
akageuka. Hizo mia mbili ziko wapi?
Koridoni, nikasema. Vyooni. Kwenye lifti.
Ni fungu lako katika vya wote.
Lifti? Jengo hili lina ghorofa moja.
Nikatazama karatasi, nikatazama dari.
Lilikuwa na ghorofa moja.

Tukaja kwenye kodi.
Kodi ya msingi, na juu yake ushuru wa ardhi,
bima, matengenezo. Sisi madalali tuliiita kodi tupu mara tatu:
tupu, maana mwenye jengo huipokea uchi, haina deni,
na makoti yote, la mvua, la theluji, la paa linalovuja,
huvaa mpangaji.
Asilimia tatu zaidi kila Januari.
Bandu bandu, niliwaza, na gogo ndilo hili
limesimama mbele yangu na unga kwenye nyusi.

Dhamana binafsi: duka likifa,
nyumba inafuata jeneza.
Hapo alinyamaza kidogo.

Kisha akaniuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza:
yeye, mwenye jengo, anapata nini hasa kwangu?
Nikamweleza kiwango cha mtaji. Mapato halisi ya mwaka
yagawe kwa asilimia saba, hiyo ndiyo bei ya jengo.
Kwa hiyo dola yako moja, ukiilipa kila mwaka,
kwake ni dola kumi na nne siku ya kuuza.
Basi mimi si mteja, akasema. Mimi ni tofali.

Ukurasa wa thelathini na tatu: mpangaji nanga.
Brandvold, duka kubwa pale mwisho,
makoti, sufuria, manukato, vitanda.
Kwa kila futi analipa nusu yako,
kwa sababu yeye ndiye anayeleta watu.
Nanga hung'olewa, akasema Ilona.
Siku hiyo je?

Mkataba ulikuwa kimya.
Nikatoa kalamu, nikaandika pembeni, mwandiko wangu mbaya:
*nanga ikiondoka, kodi nusu, hadi ije nyingine.*
Bwana Hallerman alitia sahihi Ijumaa mchana
akiwa tayari amevaa viatu vya gofu.

Mwaka wa nne, Februari, Brandvold alizima taa.
Uwanja wa magari ukabaki theluji isiyokanyagwa.
Fundi wa miwani akafuata, kisha wa viatu,
kisha yule kijana wa simu aliyekuwa akiimba.
Ilona akabaki. Alilipa nusu, tarehe mosi, kwa hundi,
mpangaji kwa maana zote mbili:
wa chumba, na wa mambo.

Hallerman aliniita, kidole juu ya pembe ya ukurasa.
Mwandiko wa nani huu?
Ningeweza kusema sijui.

Nilipita dukani na boksi langu la vitu vya mezani.
Alikuwa akikunja mkate wa mbegu za mpopi,
harufu yake imejaa futi zote elfu moja mia mbili
na, nadhani, zile mia mbili nyingine.
Akanifungia mmoja kwenye karatasi.
Nikatoa pochi, nikitumaini atanikataza.

Akapokea bei kamili,
akanirudishia senti arobaini,
akazihesabu kwa Kihungari.